Mwizi wa Ghorofa ya Pili

Rumyana hakuwahi kuibiwa kitu maishani, ndiyo maana alipoibiwa hakujua mwizi anafananaje. Akamkamata aliyekuwa karibu.

Alikuwa fundi cherehani mstaafu mjini Vidin, ghorofa ya tano, kwenye jengo la zege ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Nyonga ilipomgomea, kadi yake ya benki ikawa inashuka na kupanda na Tsveta, jirani wa ghorofa ya pili. Tsveta ndiye aliyemtolea pensheni kwenye mashine, akamnunulia mkate na dawa za presha, akamletea risiti na chenji yote. Kisha wanakunywa kahawa na kumsema kila anayepita chini ya dirisha. Ilikuwa hivyo tangu waume zao wako hai.

Jioni moja umeme ukakatika, wakakosa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Kituruki waliyoililia mwaka mzima. Rumyana akaitafuta kwenye simu. Tovuti ikamwambia: lev moja tu, tazama sasa hivi. Lev moja, haifiki hata bei ya mkate! Akaandika namba za kadi, wakatazama, wakalia, wakapangusa pua. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu madogo kama mayai ya chawa, iliandikwa kwamba baada ya wiki utakatwa kila mwezi mpaka mwenyewe useme basi. Nani anasoma mayai ya chawa? Walioandika wanajua hakuna. Ndiyo biashara yenyewe.

Pensheni ikaanza kupungua. Kidogo, halafu zaidi, maana tovuti ile ilizaa nyingine: ya nyota, ya mapishi. Rumyana akahesabu, akahesabu tena. Akaanza kumchungulia Tsveta. Lile koti jipya kalipata wapi? Mwezi aliokosa pesa ya kulipia umeme, akamngojea kwenye ngazi, milango ya watu iko wazi.

"Tsveta, pesa zangu siku hizi zinaota miguu?"

"Ziote miguu ziende wapi, Rumi? Kwa hali yako zingekukimbia wewe kwanza."

"Sicheki."

Tsveta akaacha kucheka. "Risiti si nakupa?"

"Risiti sina shida nazo. Nauliza zilizobaki ziko wapi. Anayeshika kadi ni wewe peke yako."

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakwambia. Mwizi ni mwizi hata akileta mkate."

Tsveta akaweka kadi juu ya kabati la viatu lililo nje ya mlango wa Rumyana, na ufunguo wake wa akiba juu yake, akashuka. Haikupita wiki, mzee wa ghorofa ya tatu naye akataka arudishiwe ufunguo wake aliomwachia Tsveta. Kisha mama mwenye mapacha. Jengo zima lilikuwa limesikia.

Pesa zikaendelea kupungua. Hapo ndipo Rumyana alipojikokota hadi benki, ngazi kwa ngazi, akaketi mbele ya msichana mwenye kucha za zambarau.

"Mama, hizi hakuna mtu aliyezitoa. Ni makato ya mtandaoni. Ulijiunga mwenyewe."

"Mimi? Mimi hata chama cha wakomunisti sikujiunga nacho, enzi ambazo kila mtu alijiunga!"

"Tamthilia za Kituruki, mama. Ulianza na lev moja."

Msichana akafuta ile kadi, akaahidi kujaribu kudai pesa za karibuni. Za nyuma, alisema, asizitegemee.

Ikafika Jumapili ya kusameheana, ile ya kabla ya mfungo wa Pasaka, ambapo wadogo huenda kwa wakubwa kuomba radhi. Rumyana ndiye mkubwa. Alishuka yeye, na banitsa, andazi la jibini la tabaka nyembamba, ingali moto.

"Nisamehe, Tsveta."

"Mungu akusamehe." Siku ile hakuna jibu lingine.

"Ilikuwa ile filamu. Msichana wa benki kanionyesha. Wewe hukugusa kitu."

"Najua sikugusa." Tsveta alikuwa kashika mlango. "Yule binti umemwamini kwa dakika moja, Rumyana. Mimi miaka thelathini haikutosha."

Akapokea banitsa kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga taratibu. Rumyana alipumzika kila kituo cha ngazi akipanda. Hakuna aliyefungua mlango.

Siku ya pensheni alienda mwenyewe kwenye mashine, na kadi mpya. Tsveta alikuwa kwenye foleni nyuma yake.

"Habari za asubuhi. Nyonga inaendeleaje?"

"Inanishikilia tu."

"Pole."

Zamu ya Rumyana ikafika. Akatafuta miwani mkobani, hakuiona, akageuka kuomba asaidiwe kusoma kioo cha mashine. Tsveta alikuwa ameshasogea mbali, karibu na barabara, amempa mgongo, ili mtu yeyote asije kusema ameona namba ya siri.

Rumyana akabonyeza kwa kukisia.