Numero ya Kofia ya Ramazani

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa saba za mchana, jua la Kasongo linachoma kichwa, nimekula vizuri na sikuonja hata tone la pombe. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Wakati wa utawala wa Mubeleji nilikuwa boyi wa nyumba kwa muzungu mmoja hapa mjini. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu alikuwa anakusanya kofia za shaba za zamani, zile ambazo wazamiaji wanavaa ili wapumue chini ya maji. Sebule yake ilijaa kofia, kila moja na vidirisha vyake vya kioo. Mimi ndiye niliyezisugua kwa ndimu na majivu. Akanifundisha kuzitambua: uhesabu vyuma vya kukazia, utazame kibao cha fundi aliyeitengeneza, kisha utafute numero. Moja imegongwa shingoni mwa kofia, ingine kwenye sahani ya shaba inayokaa mabegani. Zikifanana, vitu hivyo vilizaliwa pamoja. Zikitofautiana, kuna mutu amechanganya. Nilijivuna, wallahi! Boyi gani mwingine Kasongo alijua mambo hayo?

Siku moja ikaja kofia kutoka upande wa Nyangwe, kule walikokuwa wakijenga gati la mto Lualaba. Muzungu wa kazi zile alimuuzia Bwana. Ilikuja peke yake, bila sahani. Numero yake ilikuwa 318.

Sasa, mji mzima ulikuwa na habari za Ramazani, mzamiaji wa gati lile. Wazungu walisema ametoroka na mavazi yote ya kuzamia, kofia, sahani na viatu vya risasi. Kaka yake Sefu wakamtia gerezani badala yake, kila asubuhi fimbo ya kiboko, mpaka aseme mudogo wake iko wapi. Zaina, mke wa Ramazani, hakuweza hata kulia. Matanga hayakaliwi kwa mutu anayesemwa iko muzima, na eda haihesabiwi. Wanawake wenzake kisimani walimwita bibi ya mutoro.

Nami nikaisugua ile kofia, nikaimba. Mjinga mimi.

Mchana ninaousema, Bwana alikuwa amelala. Nikasikia hatua barazani, nzito, za chuma. Mwanaume akaingia bila hodi, amelowa mwili mzima, maji yanatiririka kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Nikafungua kinywa nimtukane. Halafu nikaiona sahani ya shaba mabegani mwake, na juu yake uso uliovimba. Uso ule niliujua. Tulisoma Kurani chuoni pamoja, kwa maalimu mmoja.

“Ndugu yangu, usiogope,” Ramazani akasema. “Leta kofia yangu.”

Nani angekataa? Nikaileta. Akashika kidole changu hiki, akakipitisha shingoni mwa kofia, kisha kwenye sahani yake. Baridi gani ile! 318, na 318.

“Pompi ya hewa iliharibika,” akasema. “Wakanipandisha, wakatosha kofia kichwani mwangu, wakakuta nimekwisha kufa. Muzungu wa kazi akaogopa, akanirudisha mu maji. Numero iko ndani ya buku ya kazi, kwa jina langu, na wao wanasema nilitoroka nayo. Uende ku tribinale, mbele ya hakimu, uonyeshe hii kofia tu. Kaka yangu anakufa.”

“Nitaenda,” nikasema. “Kesho.”

Kesho! Nani aliniambia niseme kesho? Akatoka alivyoingia. Na mimi, niamini, nilichukua kitambaa nikapangusa maji kabla Bwana hajaamka.

Kesho yake Bwana akaniita. Kwenye sanduku alikuwa na sahani ya fundi yuleyule wa ile kofia, yenye numero 206, isiyo na kofia. Vitu viwili visivyolingana vilimtia aibu mbele ya wenzake wa Ulaya. Akanipa tupa. “Futa 318, gonga 206.”

Nilijua nilichoshika mkononi. Hakuna mutu Kasongo aliyejua kuliko mimi. Nikawaza fimbo ya kiboko, nikawaza kazi yangu, nikajiambia nani atamsadiki boyi anayesema maiti amekuja kumtembelea. Uongo! Kulikuwa na haja gani ya kutaja maiti? Kofia yenyewe ilitosha. Nikapiga tupa mpaka shaba ikawa laini. Nikagonga 206, ikatoka safi kabisa, na Bwana akanisifu.

Sefu alifia gerezani kabla mwezi haujaandama.

Ramazani hakurudi tena, hata kunilaumu. Bora angenikaba koo. Lakini toka siku ile kidole hiki hakipati joto. Kishike. Shika, hakiumi! Nimekwenda hospitali, nimekwenda kwa waganga mpaka kule Wamaza, bure. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekwisha kuota mvi.

Zaina alikuja mara moja, akasimama mlangoni pa jiko.

“Shemeji, wewe unaingia mu nyumba ya wazungu, unaona vitu vyao. Hukuona kitu ya mume wangu? Hata kidogo, nipate kulia.”

“Hapana,” nikamjibu. “Sikuona kitu.”

Basi wewe unayenisikiliza, ukipewa neno la kumtetea mutu, lipeleke siku ileile, hata kama unaogopa. Usilale nalo. Zaina alizeekea mtaa huu huu, hakulia matanga, hakukaa eda, hakuolewa tena. Alipokufa nilishika jeneza lake pamoja na wanaume wengine, na watu wakasema nilikuwa jirani mwema.