Herufi za Upande wa Kushoto

Herufi ninazochora mimi ni nene, zimeinamia kulia, na hazina vijimkia kwenye ncha. Ni herufi za kuita watu kwa mbali: tamasha la muziki mtaani Kamwokya, vifurushi vya intaneti, kubeti, mkutano wa injili. Hakuna anayeandika kitabu kwa herufi hizo. Kazi yake ni kusomwa na mtu anayepita na haraka zake. Aliyezichora hakumbukwi, na mimi sina kinyongo, zinanilisha.

Wateja hudhani unachukua herufi iliyosimama na kuilaza kidogo. Ukiilaza tu, O inaonekana imelewa na S inavimba tumbo. Zikiwa nene, matundu ya A na B huziba, na mtu wa mbali huona madoa. Kwa hiyo unapunguza nyama hapa, unaongeza pale, moja baada ya nyingine, mpaka jicho litulie.

Baba yangu hakuwa na subira na maelezo hayo. Ni Mnubi, dereva mstaafu wa polisi, mtu wa kubishana hata na redio. Alipostaafu alinunua kigari cheupe cha kubeba samaki kutoka Port Bell. Presha ya macho ilipoanza kumpunguzia nuru, alimwachia usukani mdogo wangu, lakini kiti cha abiria hakukiachia mtu. Kila asubuhi walikwenda pamoja ziwani, maana wavuvi walimjua yeye. Sharti lake lilikuwa moja: toka mlango wa nyumba yetu ya Kyebando mpaka mlango wa gari, asishikwe mkono. Siku atakayoshikwa mkono, alisema, atabaki nyumbani. Jirani yetu mmoja alibaki nyumbani hivyo hivyo, akawa mtu wa kitandani, na hakumaliza msimu wa mvua. Tuliogopa.

Akiwa angali anaona kidogo, aliniagiza nimwandikie gari, SAMAKI WABICHI, pande zote mbili. Nilimwambia hapa Kampala Kiswahili ni lugha ya askari, watu wakikiona kwenye gari watadhani wanakuja kukamatwa. Akasema vizuri, hawataomba kupunguziwa.

Hakutaka rangi wala stika. Alitaka plastiki ngumu, unene wa kidole, iliyofungwa kwa skrubu. Nilidhani ni majivuno, nikamkatia na kuzifunga. Alipofika upande wa kushoto alisogeza uso karibu, akakunja midomo.

"Hii upande nani amefanya?"

"Mimi, Baba. Ni herufi zile zile."

"Gari inaenda mbele. Kwa nini maandishi inalala nyuma?"

Hakukosea. Upande wa kulia, herufi za mlazo huinamia mbele ya gari. Upande wa kushoto, mbele ya gari iko kushoto kwa msomaji, basi herufi zile zile huinamia nyuma. Magari yote yenye herufi hizo yako hivyo na hakuna anayejali. Nilimweleza, nikarudia kumweleza.

"Geuza," akasema.

Huwezi kuzigeuza kama nguo, zitasomeka kinyume. Ilibidi nichore upya kila herufi ikiegemea kushoto, upande ambao mkono wa mwandishi hauendi. Nilikasirika wiki nzima. Zilipokamilika, W ilikuwa kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Wenzangu ofisini waliona picha ya gari wakacheka, na mmoja akaniuliza kama nimeanza kuwaachia wanafunzi kazi. Ilinikera kuliko nilivyoonyesha.

Mwaka huu nikaamua kuziondoa. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha kabisa. Hata mwanga wa dirisha hakuuona tena. Nilikata herufi mpya zilizoinamia kulia kama inavyopasa, nikatia bisibisi kwenye begi, nikaenda Kyebando asubuhi, kabla hawajaondoka. Niliona sitamnyang'anya kitu asichokiona.

Ua wetu ni mwembamba. Mdogo wangu siku nyingine huingiza gari kwa mbele, siku nyingine kwa nyuma, kulingana na alivyochoka. Asubuhi ile lilikuwa limeonyesha ubavu wa kushoto. Baba akatoka, akahesabu ngazi kwa miguu, akanyoosha mkono mpaka ukagusa bati la gari. Hakutafuta kitasa. Alipapasa mpaka akapata I, akapandisha vidole kutoka chini hadi juu, taratibu, akafuata inakoegemea. Akageuka upande huo, mbele ya gari iliko, akatembea huku kiganja kikipita juu ya herufi, akafika mlangoni, akafungua. Mdogo wangu alikuwa ameshakaa kwenye usukani anatazama simu. Alikuwa ameshazoea.

Mimi nilibaki nimesimama na begi. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumuuliza alijua tangu lini kwamba atazihitaji.

"Nani yuko hapo?" baba akauliza, mguu mmoja ndani ya gari.

"Mimi, Baba."

"Umekuja kufanya nini asubuhi yote hii?"

"Nimekuja kukaza skrubu."

"Kaza ile ya K," akasema. "Inacheza."

Nikatoa bisibisi, nikaikaza.