Nilimpa Mama Alasiri Moja Italia

Kosa ni langu. Sitaki mtu aniambie eti ilikuwa mipango ya Mungu, kwa maana mipango hiyo niliifanya mwenyewe, mezani pangu mjini Meru, chai mkononi na kiburi tele kifuani.

Nilimpeleka mama Italia. Ndiyo, Italia! Nikamzungusha miji minne mikubwa, na mahali pekee alipotaka kufika nikampa alasiri moja. Alasiri moja! Hata daktari wa meno nimewahi kumpa muda zaidi.

Jina langu sitalitaja. Si kwa aibu tu. Nitawaeleza.

Mimi ni mzaliwa wa Embu, pande za Karurumo, na kwa miaka mingi nimefundisha chuoni Meru. Ni yule mtu anayeitwa kusoma wasifu wa marehemu kwenye kila mazishi ya kijiji kwa sababu "ana maneno". Huandika makala za kuwaeleza watu wengine jinsi wanavyopaswa kuishi. Mnanijua. Kila kijiji kina mmoja.

Nilikua nikijua kwamba mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Kwetu, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, na msichana wa kwanza jina la mama ya baba yake. Mimi nina jina la babu, na nimetembea nalo kifua mbele tangu utotoni.

Sasa siku moja tulikuwa tumekaa nje nyumbani tukichambua maharagwe, mimi na mama, akaniambia bila kuinua macho:

"Wewe ulizaliwa wa pili, baba."

Mama huniita baba. Nikadhani anatania.

Hakuwa anatania. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kabla yangu mimi, alijifungua katika hospitali ya misheni. Mtoto hakulia. Enzi hizo mama hakuonyeshwa mtoto wa namna hiyo. Walimfunika wakaondoka naye. Mkunga alikuwa Sista mmoja Mwitaliano, ambaye wanawake walimpa jina la Karimi, yaani mlimaji, kwa vile alipenda jembe kuliko wao. Ndiye aliyemchukua mtoto yule akaenda kumzika mwenyewe, mahali fulani pale misheni. Hakuna aliyemwambia mama kama alikuwa mvulana au msichana. Naye, msichana mdogo aliyeolewa juzi, angeanzia wapi kumuuliza mtawa wa kizungu? Baadaye Sista akahamishwa, kisha akarudi kwao kabisa.

"Kila asubuhi nawaombea nyote kwa majina," mama akasema. "Nikifika kwa huyo, nanyamaza. Sijui nimwite babu yenu au nimwite nyanya yenu."

"Mungu anajua, mama," nikamwambia, kwa ile hekima yetu ya bure.

"Mungu anajua. Mimi ndiye sijui."

Haya basi. Mwaka huo padri mmoja kijana alirudi kutoka masomoni Italia na salamu: Sista Karimi yu hai! Yuko katika nyumba ya watawa wazee, mji mdogo wa kaskazini, na bado anauliza habari za watu wa Karurumo kwa majina. Mama akasema maneno machache tu: "Nataka kwenda kumuuliza."

Na mimi, ambaye tangu chuo kikuu nilikuwa nikitafuta sababu ya kwenda Italia, nikaruka: "Twende!"

Nikaingia mtandaoni. Jamani, kule watu wanagombana kuhusu siku za kukaa Italia kama vile wanagombania shamba! Roma siku tatu, chini ya hapo umejidhulumu. Firenze mbili. Milano moja inatosha. Venisi mbili, kwa sababu lazima uione asubuhi na jioni. Nikachora ratiba kwa rangi nne. Ilikuwa nzuri, nawaambia. Niliwaonyesha wenzangu ofisini.

Mji wa Sista haukuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote duniani. Ila ulikuwa njiani, kati ya Milano na Venisi. Nikauchomeka hapo.

"Mama," nikamuuliza, "kwa Sista tukae muda gani?"

"Tukae mpaka tumalize kusalimiana."

Nikacheka! Nikaandika: alasiri. Nilipiga hesabu ya msomi. Swali ni dakika moja. Jibu ni dakika mbili. Machozi tuyape nusu saa. Chai, picha, kwaheri.

Dada yangu Wanja, anayekaa na mama nyumbani, aliitazama ratiba ile akakunja uso. "Hapa kwa Sista mbona mmepabana hivi? Na huko kwa maji mnalala mara mbili?"

"Venisi haionwi kwa haraka, Wanja."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Tukasafiri. Mama alibeba kiondo chenye njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na unga wa wimbi, akakataa katakata kisiingie kwenye begi langu. "Huu ni wa uji wa asubuhi, kwa Sista," alisema. Asubuhi! Mtu mwenye shahada mbili alisikia neno hilo kwa masikio yake na halikumwambia chochote.

Roma alisimama mbele ya magofu, akayatazama kwa huruma. "Nyumba zimewaangukia, na bado wanatoza watu kiingilio?" Firenze nilimtembeza kwenye picha takatifu mpaka akachoka. "Huyu mtoto Yesu alinyonya," akasema, akaketi. Nilikuwa nikiandika maneno yake kwenye simu ili niyatumie kwenye makala. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anangoja.

Siku ya Sista ikafika. Mtawa mdogo alitufungulia mlango, na kule mwisho wa ukumbi, kwenye kiti cha magurudumu, kikongwe mweupe pe akainua mikono. Akamwita mama binti ya fulani, kwa jina la babu yangu mzaa mama, kwa Kiembu safi kuliko changu.

Walishikana mikono hawakuachana. Walianza na wafu.

"Yule mzee mwenye punda?"

"Alikufa, Sista."

"Na punda?"

"Punda alimfuata."

Wakacheka mpaka Sista akakohoa. Wakauliziana mvua, kahawa, goti, kifua, mti gani bado umesimama pale misheni na upi ulikatwa. Chai ikaletwa na keki. Nami nilikuwa kwenye ukingo wa kiti changu nikitazama saa, kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Ndipo mama akaweka kikombe chini, akanyoosha kitambaa chake kichwani. "Sista, kuna neno lililonileta."

Sasa!

"Lakini leo ni salamu," akaendelea. "Neno ni la kesho."

"La kesho," Sista akaitikia, kama mtu aliyetegemea jibu hilo hilo. "Chumba chenu kiko tayari, nimewaambia watandike. Na uji? Nilisikia harufu ya wimbi mlipoingia."

"Unga nimeleta!"

Wakacheka tena, kama wasichana wawili mtoni.

Nikasimama mimi. Mimi, kijana wao mwenye maneno!

"Mama, hakuna kesho. Treni yetu ni saa kumi na moja."

Sista akanigeukia taratibu. "Huyu mtoto ana haraka ya wapi?"

"Tumeshapanga hoteli Venisi, Sista."

"Venisi," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa hapa karibu, na nimezeeka bila kuiona. Nimekosa nini?"

Niliokota koti la mama nikamvalisha. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwa sababu mimi nilisimama. Ni mtu wa kunipa heshima mbele ya watu, mama yangu. Nikamfunga vifungo mpaka shingoni.

"Basi uliza sasa, mama," nikamhimiza. "Si ni neno moja tu? Uliza!"

Neno kama lile halisemwi watu wakiwa wamesimama. Na nililijua hilo! Nimekulia katika nyumba ambamo mgeni hula, akalala, ndipo asubuhi baba huketi naye jua likitoka na kumuuliza: haya, umekuja na nini? Nimeandika hata makala ya kuisifu desturi hiyo! Watu walinipongeza!

Mama alimtazama Sista. Akanitazama mimi. 

"Nilikuja kumsalimu," akasema. "Nimeshamsalimu."

Mtaniuliza, kwa nini wewe usiulize? Nilifungua mdomo. Jicho alilonikata nalo mama sijalisahau. Mwanaume mzima kuzungumza habari za uzazi wa mama yake, mbele yake, mguu mmoja mlangoni? Nikafunga mdomo. Kisha nikatazama saa tena. Hata hilo nalikiri.

Sista hakuuachia mkono wa mama mpaka mlangoni, mtawa mdogo akimsukuma. Mama alimwachia kiondo mapajani.

"Rudi," Sista akasema.

"Nitarudi."

Waliongopeana kwa heshima, na wote wawili walijua.

Siku zangu mbili za Venisi nilizipata. Niliiona asubuhi, nikaiona jioni. Mama alikaa kwenye benchi, miguu imemvimba. "Hawa walikosana na nani mpaka wakaenda kujenga majini?" aliniuliza, nami nikacheka, nikampiga picha. Picha hiyo ninayo. Hatazami maji. Hanitazami mimi. Ametazama ule upande treni ilikotutoa.

Tulipofika nyumbani Wanja alitukimbilia getini. "Mama! Alikuambia?"

"Tulisalimiana vizuri sana," mama akajibu, akaingia ndani kubadilisha viatu.

Wanja akanivuta nyuma ya zizi la ng'ombe. "Wewe na digrii zako! Ulimtoa mama huku ukampeleka kuona maji?"

Nilijitetea. Nilisema tutapiga simu. Na kweli nikafanya mpango, simu ikapigwa, Sista akawa upande wa pili. Mama akaishika simu ile kama kitu cha moto. Akamuuliza hali, akamshukuru kwa keki, akanirudishia.

"Mama!"

"Mtoto wangu haulizwi kwa simu," akasema. Hakuwa amekasirika. Heri angekasirika.

Nikaapa kumrudisha likizo ndefu, bila ratiba, tukae kwa Sista hadi watuchoke. Nilimaanisha, nawaapia. Lakini padri yule kijana akaja nyumbani kabla ya likizo, akavua kofia mlangoni, na sote tukajua. Mama alisema asante kwa kutuletea habari za Sista. Akaenda kuwapa mbuzi majani.

Mvua zilizofuata hazikumkuta mama mzima. Alilazwa Embu. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, akadhani nimesinzia, akaanza kutuombea kwa sauti ndogo. Alianza na marehemu baba. Halafu akavuta pumzi, akakaa kimya, kimya cha urefu wa jina la mtu. Ndipo akanitaja mimi, akaendelea na Wanja na wengine.

Nilikisikia kile kimya. Nakisikia mpaka leo. Mtu akiniita kwa jina langu barabarani, hutangulia kimya kile, kisha jina. Na jina lenyewe, ni langu? Kama yule alikuwa mvulana, basi ni lake. Nimelivaa maisha yangu yote, nimelitia sahihi kila mahali, na sijui kama nilipewa au nilichukua. Ndiyo sababu silitaji hapa.

Tulimzika mama shambani, kando ya baba. Wasifu nilisoma mimi. Palipoandikwa idadi ya watoto wake, sauti ilinikatika. Watu wakasema, maskini, alimpenda sana mamake.

Siku hizi nikitoka Meru kwenda nyumbani, gari hukata lenyewe kona ya misheni. Hospitali imekua. Pale palipokuwa na miti sasa kuna wodi mpya, maegesho ya magari, tangi la maji. Natembea polepole pembeni, kwenye nyasi, kisha naogopa nyasi, narudi kwenye lami, kisha naogopa lami. Hakuna mahali ninapoweza kukanyaga kwa amani.

Juzi askari wa getini alinifuata. Alikuwa ameniona nikizunguka muda mrefu.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Ndugu yangu."

"Ni mgonjwa? Amelazwa wodi gani?"

"Sijui."

"Ni mwanaume ama mwanamke? Kwa maana wodi ziko kando kando."

"Sijui."

Alinikagua kutoka viatu mpaka kichwani, akidhani labda mimi ndiye mgonjwa. Kisha akanishika kiwiko, kwa upole kabisa, akanipeleka kwenye kivuli.

"Keti hapa kwanza, mzee. Nikuletee maji. Ukipumzika, jina lake litakuja."

Niliketi. Niliketi mpaka akabadilishana zamu na mwenzake. Halikuja.

Ninyi mnaopanga safari na wazazi wenu, iwe ni Italia, iwe ni Mitunguu kwa shangazi, nawasihi: msianze na miji. Mwulizeni mzee anakwenda kwa nani, mumpe huyo siku zote, na hiyo miji igawane makombo. Na mkifika, akisema neno lake ni la kesho, usimwonyeshe saa. Mvue koti. Keti chini kando yake. Treni na iende.