Hatua Kumi na Moja Kutoka Kisimani

Kama hujawahi kuona mwanamume mzima akizunguka ploti ya mtu huku akihesabu hatua kwa sauti, basi hukumjua Thuo. Alikuwa mchimbaji wa visima na vyoo vya shimo hapa mtaa wa Langas, Eldoret, na hakuna mwenye ploti aliyemfanya ashike mtaimbo kabla hajahesabu. Choo kinakaa chini kwenye mteremko, kisima kinakaa juu, na kati yake ni hatua thelathini za miguu yake mwenyewe, naye alikuwa na miguu mirefu. Ploti isipotosha, anafunga vifaa vyake na kwenda nyumbani. Ukimfuata kumbembeleza anakwambia mavi hayana adabu, yanafuata maji popote yalipo. Njeri mkewe alikuwa akimkanya asiseme hivyo mbele ya wageni.

Mimi ni Benta, lakini hapa wananiita Mama Cyril. Nauza sukuma wiki, nyanya na omena. Tulikuja Eldoret na mume wangu Ondiek kutoka upande wa Siaya mwaka wa tisini na tatu, yeye akafanya vibarua hapa na pale mpaka Thuo alipomchukua awe mshika kamba wake. Mshika kamba anakaa juu, anavuta ndoo za udongo, na jioni anamtoa mwenzake shimoni. Mjaluo juu, Mkikuyu chini, miaka zaidi ya kumi. Watu waliwatania kwamba siku ya kura Ondiek ataachilia kamba. Wao wawili walicheka. Mimi sikuupenda utani ule hata kidogo.

Kisima bora Thuo alichowahi kuchimba kilikuwa kwenye ploti yake mwenyewe. Futi thelathini na nane, kimezungushiwa mawe, maji baridi mpaka meno yanauma. Jirani yeyote alichota bila kuulizwa. Juu yake kulikuwa na miti miwili ya avokado, na chini ya ploti kulikuwa na kinamasi chenye matete na vyura. Thuo alisema kinamasi kile ndicho kinachotunywea maji ya mvua, na tukikiziba tutayanywa wenyewe. Tulimwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama unavyomwitikia mtu anayependa kazi yake kupita kiasi.

Mwaka wa elfu mbili na nane sitausema sana. Nimechoka kuusema. Wamekuja watu wengi hapa na madaftari yao, wanakununulia soda, wanakuuliza ulijisikiaje, halafu wanaenda na huwaoni tena. Matokeo ya kura yalitangazwa Jumapili, na kufika Jumanne nyumba ya Thuo ilikuwa majivu. Ondiek aliwapitisha yeye na Njeri kwenye mashamba ya mahindi mpaka kituo cha polisi. Mimi niliburuta cherehani ya Njeri nikaificha chini ya kitanda changu. Vijana waliochoma niliwajua kwa majina, na nilinyamaza. Nilikuwa na watoto watatu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo ninavyojiambia hadi leo.

Thuo na Njeri wakalala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wenzao. Huko ndiko Kabiru alikowakuta. Kabiru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu wa kwao, na waliabudu kanisa moja dogo na Thuo. Kikulacho ki nguoni mwako. Alipita hema kwa hema na mikate na mablanketi, akisikiliza nani anaapa kwamba Langas hatarudi tena, na huyo ndiye aliyeketi naye kuzungumzia ploti. Alinunua nyingi sana. Waliochoma walibaki na njaa ile ile waliyokuwa nayo, na waliochomewa wakabaki na blanketi. Mimi nashangaa mpaka leo jinsi watu walivyopigania kitu ambacho mtu wa tatu alikichukua bila hata kuinua fimbo.

Thuo aliuza kwa bei ambayo naona aibu kuitaja. Lakini aliweka sharti: kisima kibaki wazi kwa majirani, kinamasi kisizibwe, na choo kisisogee juu. Sasa, kanisani kwao makubaliano ya ndugu kwa ndugu hayaandikwi. Mnashikana mikono, mzee wa kanisa anaomba, imekwisha. Ukiomba kuandika ni kama umemwita ndugu yako mwizi. Kwa hiyo karatasi ya wakili ilibeba ploti peke yake, na kisima kikabaki kwenye maombi. Nilipomsuta Thuo miaka baadaye, aliniambia, "Mama Cyril, mtu aliyekuletea mkate kambini utamwambia aandike?"

Walirudi mwaka wa elfu mbili na kumi. Huko Murang'a kwa ndugu zake hakukuwa hata na pa kuweka kitanda. Walirudi wakapanga chumba kwenye ploti iliyokuwa yao. Wakati huo Ondiek wangu alikuwa amefariki kwa kifua, na mimi nilikuwa nimehamia humo humo, mlango wa nne. Nikamrudishia Njeri cherehani yake, na akaketi chini akalia. Kabiru alikuwa amejenga vyumba thelathini na viwili vya mabati, vimeangaliana, nguo zako zikikauka zinamgusa jirani. Avokado zote mbili zilikuwa zimekatwa. Kinamasi alikiziba baadaye kwa kifusi, akaongeza vyumba kumi juu yake. Vyura walinyamaza mwaka huo. Yeye mwenyewe alishahamia Elgon View, kwa wenye pesa.

Tulikaa hivyo. Mimi niliuza mboga zangu nje ya lango, chini ya gunia lililofungwa kwa vijiti viwili. Mvua ikija inakuja na mimi, jua likija linakuja na mimi. Njeri alishona sare za shule mpaka ugonjwa wa sukari ulipomshika mguu, na tangu hapo alikuwa hawezi kupita mlango wake. Alikuwa akiniona kutoka pale kitandani, mlango ukiwa wazi, na mvua ikinyesha aliniita nije nijikinge. Mara nyingi sikwenda, kwa sababu ukiacha mboga watu wanachukua.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, mwezi wa sita, choo cha chini kilijaa. Lori la kunyonya choo halikuweza kuingia, maana Kabiru alikuwa amejenga mpaka kwenye njia. Akaamuru kichimbwe kipya kwenye kona ya juu, mahali pekee palipobaki. Akamtuma Thuo. Thuo akaenda kwenye kona, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kisimani huku sisi wote tukimtazama kutoka milangoni. Moja, mbili, tatu. Alifika kumi na moja mguu wake ukagusa jiwe la kisima. Akarudi chumbani.

Kabiru hakugombana naye. Wenye pesa hawagombani. Alituma tu habari kwamba bwana afya akija akikuta choo kimejaa ataifunga ploti, na kila mtu atafute pa kwenda. Ilikuwa imebaki miezi miwili kura ipigwe. Nani angetembea na magodoro wakati ule? Watu walikuwa wameanza tena kuulizana majina ya baba zao. Na Njeri angebebwa apelekwe wapi na mguu ule?

Siku tatu baadaye Kabiru aliniita nyumbani kwake. Nilienda kwa miguu, nimevaa rinda la kanisani. Elgon View hakuna mtu anayetembea barabarani isipokuwa mayaya na wakata nyasi. Alikuwa na kisima chake cha mashine, na mpira ulikuwa ukizunguka peke yake ukinyunyizia nyasi maji mchana kutwa. Nilikaa kwenye veranda nikiyatazama yale maji. Nyasi zenyewe hakuna hata mbuzi wa kuzila.

"Mama Cyril," akasema, "Thuo anakusikiliza wewe. Mwambie achimbe."

"Kwani hakuna wachimbaji wengine?"

"Wapo. Lakini wapangaji wakimwona mwingine watauliza kwa nini Thuo amekataa. Akichimba yeye hawataogopa."

Hapo ndipo angeniona nimekasirika, kama ningekuwa nimekasirika. Akaniambia anafikiria kujenga kibanda cha mabati pale langoni, upande wa barabara, chenye meza na dirisha la kufunga, na kwamba angependa kukikabidhi kwa mtu anayemwamini. Hakusema zaidi ya hapo. Nilimwambia asante. Nilirudi Langas nikihesabu kwenye kichwa changu mahali nitakapoweka nyanya na mahali nitakapoweka omena. Tamaa mbele, mauti nyuma, tunawaambia watoto, na wakati wote tunafikiri ni mauti yetu wenyewe inayosemwa.

Nilimkuta Thuo akinoa sururu ambayo hakuwa na kazi nayo. Njeri alikuwa amejilaza, macho wazi.

"Mzee, chimba tu," nikamwambia. "Watatufukuza sote. Mama Irungu na mguu wake huo utamlaza wapi?"

"Ni hatua kumi na moja."

"Tutachemsha maji. Chimba kifupi, ujengee mawe, kisiingie ndani sana."

"Choo kifupi kinajaa haraka, Mama Cyril. Mvua ikija kinamwagika."

"Basi unataka tulale barabarani na kura hii inakuja? Umesahau?"

Lile neno sikupaswa kumwambia mtu kama yeye. Alirudi kunoa sururu yake. Kuhusu kibanda sikusema kitu. Kesho yake asubuhi nilisikia mtaimbo kwenye kona ya juu.

Alichimba siku tisa. Hakuhesabu tena, na hakuimba wala kutania kama zamani. Wapangaji walifurahi, mmoja akamnunulia chai. Alipomaliza alipita mlango kwa mlango akituambia tuchemshe maji yote, hata ya kupigia mswaki, na tukamwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Wiki ya pili fundi wa Kabiru alikuja na mabati akajenga kibanda langoni. Nilimwambia Thuo kwamba nimekipata kwa sababu mimi ndiye nimekaa pale muda mrefu. Akasema vizuri.

Kura ilipita, tukaogopa, hatukuchomeana. Halafu mwaka wa kumi na nane masika ilikuja kwa hasira. Maji yaliteremka kutoka juu yakitafuta kinamasi chao, yakakuta vyumba kumi vya Kabiru, yakarudi nyuma. Choo kikamwagika usiku na mchana. Maji ya kisimani hayakubadilika rangi, na hapo ndipo yalipotudanganya. Watoto wakaanza kuhara mlango baada ya mlango. Makaa yalikuwa ghali mwaka ule, na mtu akiwa na makopo mawili ya makaa anapika ugali, hachemshi maji. Thuo alimchemshia Njeri kila siku. Halafu makaa yake yaliisha siku mbili, akaenda kutafuta kibarua Moiben apate pesa ya mengine, na Njeri akameza dawa zake kwa maji ya mtungi. Mwili wenye sukari hauna nguvu ya kupigana. Alifariki siku ya nne, kabla ya Irungu mwanawe kufika kutoka Nairobi.

Kabiru alileta hema na viti vya matanga. Alizungumza pia, akasema Mungu hakosei. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na nilitaka kusimama nimtemee mate, lakini ufunguo wa kibanda chake ulikuwa kwenye kanga yangu. Baada ya mwezi alifunika kisima kwa zege kwa ajili ya afya yetu, akaweka tangi kubwa lenye bomba na kufuli. Sasa tunanunua maji kwake kwa mtungi. Ni maji masafi, siwezi kudanganya.

Thuo aliacha kuchimba. Ana chumba kile kile. Kila asubuhi anakuja kibandani kununua sukuma ya mtu mmoja, ananisalimu, ananiuliza habari za Cyril. Kwa miaka miwili nilimfungia mboga zake nikiwa sijamwambia nilivyokipata kibanda. Nilikuwa nikimwongezea majani matatu, manne, na yeye alikuwa akiyarudisha mezani. Nilikonda. Nilikuwa nikimwona anakuja natamani kufunga dirisha.

Siku moja mawingu yalikuwa mazito, hakuna mteja, nikashindwa. Nilimwambia yote pale pale: Elgon View, veranda, kibanda. Nilimwambia mimi ndiye niliyemuua Njeri kwa sababu ya mabati haya. Nilikuwa nalia, nilitaka anitukane. Ningepumzika.

Aliweka mfuko wake juu ya meza akaushikilia.

"Nilijua," akasema. "Njeri alijua kabla yangu. Mtu akivaa rinda la kanisani siku ya Jumatano, anakwenda wapi?"

"Na ukachimba?"

"Mimi nilikataa, Mama Cyril. Hata ulipotoka, nilikuwa bado nimekataa. Kulipokucha ndipo Njeri aliponiambia, nenda uchimbe. Akasema anakuona kila siku kutoka kitandani, ukinyeshewa, na yeye hawezi kukusaidia kwa lolote. Akasema Kabiru haiti mtu bure, angalau utapata paa."

Akachukua sukuma yake, akaweka shilingi kumi mezani, akavuka lango akiinamisha kichwa kwa sababu ya matone. Mvua ikaanza kupiga mabati juu yangu, na mimi nilikuwa nimeketi pakavu.