Nyuma ya Turubai la Surua

Asubuhi ile kwetu Rumonge, Burundi, tulikuwa tunakamua mawese. Baba alimtania mama kwamba anaonja mafuta zaidi ya anavyoyauza, na mama, akiwa na mdogo wangu Eliya mgongoni, akamrushia kokwa la mchikichi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Nilicheka.

Kisha risasi zikalia upande wa sokoni.

Baba akasema tutangulie ziwani, yeye anafunga nyumba. Hatukumwona tena.

Boti ilitushusha Kigoma, tukawekwa kwenye ghala tupu karibu na ziwa. Watu walisema tumeshapona. Halafu watoto wakaanza kuwaka homa, macho mekundu, vipele vikianzia nyuma ya masikio. Surua. Nilijiuliza: tumevuka ziwa zima, sasa tunamkimbia nani tena?

Sista Anna, muuguzi kutoka Kilimanjaro aliyehamishiwa Kigoma, alitundika turubai katikati ya ghala. Wagonjwa walilala nyuma yake. Aliyewahi kuugua surua aliruhusiwa kuingia kuuguza. Asiyewahi alibaki huku. Mimi niliingia, kwa kuwa niliugua nikikaa kwa bibi. Niliwafuta watoto makamasi, wakanikoholea usoni, na sikuugua. Sikujua kwa nini.

Eliya alipotoka vipele, mama alimbeba hadi kwenye turubai.

"Mama, wewe ulishaugua?" Sista aliuliza.

"Ego, ndiyo, Sista. Zamani, nikiwa mdogo."

"Na huyu ana miezi mingapi?"

"Mitano."

Sista alimtazama mtoto, akamtazama mama. Mimi nikabaki nje na ndoo yangu ya maji, nikiwaona wanasemezana kwa sauti ya chini. Kisha wakaingia.

Eliya alikataa kikombe, akakataa kijiko. Alikubali titi la mama tu.

Alipona. Alikuwa ameshaanza kucheka mama alipoanza kukohoa.

Macho yakawa mekundu.

Pumzi ikawa fupi.

Tulimzika mama Kigoma, mimi na watu nisiowajua. Nilikasirika, wala sikujua nimkasirikie nani. Si alisema alishaugua?

Miaka mingi baadaye, nikiwa naishi Mwandiga, karibu na Kigoma, nilimkuta Sista Anna anakaa Gungu, amestaafu. Nilimwamkia, akanikumbuka kwa jina. Akanieleza taratibu. Mwilini mna askari wa namna nyingi, na kila namna inamtambua adui mmoja tu. Surua ikiingia mara ya kwanza, wanaoitambua ni wachache. Inabidi wazaliane kwanza, na huo ndio muda ambao mtu anaumwa, pengine anakufa. Wakishinda, baadhi yao hubaki wakiikumbuka sura yake. Ndiyo maana mimi sikuugua tena. Neno askari halikunikaa vizuri. Askari wa kwetu walitazama sura za watu barabarani, wakaua majirani.

"Chanjo inawafundisha mapema," alisema, "ila siku zile haikuwa imetufikia."

"Na mama?"

"Mama aliyewahi kuugua humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni, ikamlinda miezi ya mwanzo. Mtoto wa miezi mitano kwa kawaida hapati surua. Nilipomwona Eliya, nikajua mama yako hakuwahi kuugua."

"Ulijua, na ukamwacha aingie?"

"Nilimwambia, mwanangu. Nilimweleza yote, nikamwambia mtu mzima akiipata anaweza kufa. Akaniuliza, nani mwingine atamnyonyesha?"

Hakuwepo. Nilizitafuta kichwani sura zote za mle ghalani, na hakuwepo.

Nilimuaga bila kujua nimshukuru au nimlaumu, na mpaka leo sijui. Eliya sasa ana mtoto wa miezi mitano. Juzi aliniuliza mama alikufa kwa nini. Nilimwambia ni surua, nikampakata mtoto wake. Aliipata kwa nani, sikumwambia.