Ile Baridi Baba na Paulo Walikuwa ku Kasho

Mupunga mupya, wakati unatwangwa, unatoa harufu moja tamu, sawa maziwa na vumbi pamoja. Nikiisikia tu, hata hapa Kasongo katikati ya kelele ya piki-piki, macho yanajifunga yenyewe. Niko tena kwetu, kijiji kimoja cha upande wa Kabambare, mutoto wa miguu ya vumbi, nimelala juu ya mifuko ya mupunga ndani ya kanisa. Ndiyo, ndani ya kanisa! Kijiji kizima kilikuwa kinaweka mupunga mule, wakristo na waislamu, kwa sababu paa lile tu ndio lilikuwa zima.

Sogeeni karibu niwaambie, juu hii habari inanichekesha mpaka leo.

Baba alikuwa ku kasho, jela ya serikali, kule Kabambare penyewe. Hakuiba, hakupiga mutu. Ni kinywa tu. Siku ya salongo, ile kazi ya watu wote ya kulima barabara, kapita, musimamizi wa kazi wa kijiji, alimwambia amechelewa. Weee! Baba akatupa jembe.

"Mimi nimechelewa? Hii barabara nani aliifungua? Si mugongo wangu huu?"

Akaendelea mpaka akamutukana kapita mama yake. Mama yangu akamushika mukono, akasema polepole, "Baba Sifa, omba musamaha." Sifa ni mie. Baba akamugeukia mbele ya watu wote: "Nyamaza, mwanamuke wa woga!"

Walipomufunga na kumupeleka, Mama hakumusindikiza. Aliapa mguu wake hautakanyaga kule.

Sasa, mutu akiwa ku kasho, serikali haimupikii. Jamaa ndio wanamupelekea chakula. Shangazi alikuwa anaenda, na kila mara anarudi na maneno ya Baba. Mara ya kwanza: hakuna mwanaume aliyelima na kuteseka kumushinda yeye. Kisha: sisi wote wapumbavu, nani ametuloga? Kisha, baridi ya usiku wa kiangazi ilipoanza kushuka, Shangazi akaleta neno dogo tu: "Anasema uje mbele ya baridi kali, kabla haijafika, na umuletee koti yake."

Mama akacheka kwa pua. "Koti! Kumbe anataka koti, hapana mie."

Koti ikabaki ku musumari.

Siku ya Mungu ikafika. Mwalimu wa kanisa, mwenye sauti ya nyuki ndani ya muzinga, akasema leo atatuonyesha Mutume Paulo ni mutu wa namna gani, kwa maneno aliyoandika mwenyewe. Akasoma pale Paulo anajisifu: amepigwa fimbo, amezama mu maji, nani amemushinda kuteseka? Na anajua yeye mwenyewe kwamba anasema sawa mupumbavu! Akasoma pale anagombeza watu, anawauliza nani amewaloga. Akasoma pale analia juu yao, sawa mama juu ya watoto. Mwisho akasoma barua ya kufungwa: Paulo iko ku kasho, wengi wamemukimbia, anamuomba rafiki yake Timoteo afanye mbio, afike mbele ya baridi, na amuletee koti aliyoacha kwa watu.

Mie usingizi ulikuwa umenibeba, na ile sauti ikaingia mule mule mu ndoto. Nikaona nyumba moja ya giza, na Baba na Paulo juu ya mukeka mumoja, kila mutu anaonyesha mwenzake makovu: "Mimi nilipigwa kukushinda!" "Wapi! Angalia hapa!" Nikashituka, nikalia kwa nguvu:

"Mama! Paulo iko sawa na Baba!"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mama Zaina, jirani yetu mwislamu, alikuwa amesimama ku mulango anangoja kuchukua mupunga wake. Akapaza sauti:

"Basi mupelekee koti, dada, mbele yeye pia hajaandika barua na dunia yote ikasoma!"

Mama akafunika uso na kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika. Niliwaza analia, kumbe anacheka, ao labda yote mawili.

Asubui yake tukatembea ndani ya ukungu mweupe, hata miguu yangu sikuiona, nilikuwa naisikia tu. Mama mbele, na wali ndani ya majani, na koti ku bega.

"Mumekawia!" Ndiyo salamu ya Baba. Kisha bila kupumua: "Mbuzi imezaa? Na yule muzee wa ku muto, kikohozi yake? Musalimieni. Na Mama Zaina, musalimieni. Na kapita... eeh, hata yeye."

Mama akamupa koti. Baba akaipapasa, akaikunjua, akaitandika juu ya jiwe lenye umande.

"Kaa, mama Sifa. Hapa iko baridi."

Mama akakaa. Baba akabaki wima, mikono ku makwapa, anatetemeka sawa kuku wa mvua. Walisema nini, sijui. Mie nilikuwa nakula wali wake.

Wakati ule niliwaza koti ni koti. Miaka mingi kisha, bwana yangu wa ndoa alikuwa anachimba zahabu Salamabila, akanitumia neno: nimuletee ile sufuria ndogo. Sufuria! Salamabila nzima imejaa sufuria! Pale ndio nilielewa. Mutu mukali hawezi kusema moyo wake uko peke yake, basi anaomba kitu, na wewe uko nyuma ya kile kitu.

Wengine wanaogopa Paulo, wanasema ni mutu wa amri na magomvi. Mie hapana. Siku hizi mujukuu ananisomea ile barua ya mwisho ndani ya telefone yake. Ikiisha namuuliza, "Na Timoteo, alifika?" Ananijibu, "Koko, haikuandikwa."

Basi. Nikifika kule juu mbinguni, mambo makubwa nitawaachia wenye kusoma. Mie nitamutafuta Paulo, yule muzee wa kinywa, nitakaa karibu yake, nitamuuliza polepole, watu wasisikie: alikuja mbele ya baridi?