Mchezaji Anayepanda Bila Kucheza

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Ukumbi wa mpira wa kikapu ni mtupu. Mama Namba anaweka chupa yake ya chai chini ya meza ya waamuzi, anafungua kompyuta, kisha anapuliza kipaza sauti. Pumzi yake inazunguka ukumbi mzima na kumrudia.

"Wa kumi," anasema, na kutaja jina.

Ndivyo afanyavyo kila Jumatatu ya msimu. Kabla orodha ya wachezaji kumi bora haijatumwa magazetini, huisoma yote kwa sauti, peke yake, mbele ya viti vitupu. "Jicho huzoea kosa," anasema. "Sikio halizoei. Jina likikaa mahali si pake, nalisikia linakwaruza."

Anasoma wa tisa, wa nane, wa saba, wa sita. Hakuna kinachokwaruza. Anafika wa tano.

"Komeo."

"Yupo."

Sauti imetoka juu kabisa, upande ambao taa hazijawashwa. Si kubwa. Ni sauti ya mtu anayeitika jina darasani. Mama Namba anaondoa mdomo kwenye kipaza sauti. Huko gizani kiti kimoja kinajikunja na kugonga mgongo wake, pa, kama vinavyofanya viti vya ukumbi huu mtu anapoinuka.

Komeo alizikwa wiki iliyopita.

Mama Namba ana miaka hamsini na mitatu. Aliwahi kucheza mpaka goti lilipomkatalia, akahamia meza ya takwimu na hajaondoka tena. Ligi humlipa posho ya siku ya mechi tu. Inatosha mboga na nauli, kodi haigusi. Msimu ukiisha hushona sare za shule kwa cherehani iliyo karibu na dirisha la sebule yake.

Jina lake la utani alipewa na wachezaji, kwa sababu humwita kila mtu kwa namba ya fulana yake. Nyumbani nako hakuacha. "Kumi na moja, chakula kinapoa," humwambia mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano.

Kazi yake ni rahisi kueleza, ngumu kufanya. Kwa kila mchezaji hujumlisha pointi, mipira aliyodaka ikigonga kikapu na kurudi, pasi zilizozaa pointi, mipira aliyopora na mitupo aliyoizuia. Hutoa mipira aliyoipoteza. Kinachobaki hukigawa kwa mechi alizocheza. Anayetaka kuingia kwenye orodha sharti awe amecheza nusu ya mechi za msimu.

Komeo aliitwa hivyo kwa sababu akisimama chini ya kikapu, mlango umefungwa. Jioni moja alirudi kutoka mazoezini, akala, akalala. Asubuhi hakuamka. Madaktari walisema ni moyo.

Siku hiyo alikuwa wa saba, na tayari alikuwa ametimiza nusu ya mechi. Ile iliyoitimiza aliicheza akiwa na homa. Kocha alimwambia apumzike, akakataa.

"Angepumzika siku ile, asingekuwemo," anasema Mama Namba. Anafunga kifuniko cha chupa ya chai, anakifungua tena. "Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko inavyofaa."

Wiki ya mazishi, Komeo akawa wa sita. Wiki iliyofuata, wa tano.

Hakuna muujiza katika hesabu hiyo. Wenzake wako hai, na walio hai huchoka. Miguu ya mwisho wa msimu si miguu ya mwanzo, na wastani wao unashuka. Wa Komeo haushuki, kwa kuwa hauna mechi ya kuushusha.

"Namba ya mtu aliye hai hupanda na kushuka kama kifua," anasema. "Ya Komeo kila Jumatatu naikuta palepale, hadi tarakimu ya mwisho kulia. Imetulia. Naogopa namba iliyotulia namna ile."

Kuna jambo jingine, ambalo hulisema kwa sauti ya chini hata kama hakuna wa kumsikia. Takwimu zake huonyesha pia kila mtupo ulikopigwa. Tangu Komeo afariki, timu zinazocheza na timu yake hazipigi mitupo mingi kutoka upande wa kushoto wa kikapu, alipozoea kusimama yeye. Wachezaji huingia na mpira, hufika pale, hupunguza mwendo, hutoa pasi nje.

"Hakuna anayewazuia," anasema. "Lakini wanazuilika. Niliwauliza watatu. Kila mmoja aliniambia hajui ninazungumzia nini."

Jumatatu iliyofuata Mama Namba aliwasha taa zote kabla ya kusoma. Safu ya juu kabisa alikuwa amekaa mzee mwenye koti la kazi lililotobokatoboka kwa cheche, mikono juu ya magoti. Alikuwa baba yake Komeo, fundi wa kuchomelea, mtu asiye na maneno, ambaye hata wateja wake husema huwatajia bei kwa vidole. Kiti kile ndicho alichokalia mechi zote za mwanawe.

Mama Namba alisoma. Komeo alikuwa wa tatu.

"Yupo," alisema mzee. Akainuka, kiti kikagonga, akatoka kwa mlango wa juu ambao wafagiaji huuacha wazi.

"Wiki ya kwanza niliogopa mzuka," anasema Mama Namba. "Nilipomwona ni yeye nikaogopa zaidi. Ningemwambia nini? Mzazi anaitikia jina la mwanawe. Ningemwambia anyamaze?"

Hakumwambia. Mtaani pia hakuna aliyemwambia neno, isipokuwa moja. Vijana wanaopita kwenye karakana yake humpungia mkono: "Mzee, jamaa kapanda tena!" Mzee huitikia kwa kichwa na kushusha miwani yake ya kuchomelea.

Wiki moja baadaye Komeo akawa wa pili. Aliyebaki juu yake sasa ni mmoja tu, Chapchap, mchezaji mfupi mwenye mikono myepesi. Chapchap ndiye namba kumi na moja, mpwa wa Mama Namba.

Kila mwaka timu moja ya ng'ambo humwalika kwa majaribio anayemaliza msimu akiwa wa kwanza. Humwalika wa kwanza, haimwaliki wa pili. Chapchap ana miaka ishirini na tisa. Hakuna mwaka mwingine unaomsubiri.

"Shangazi, nashindana na mtu asiyechoka," alisema jioni moja mezani. "Haumwi goti. Hana siku mbaya. Refa hamwonei."

"Usimseme marehemu."

"Simsemi. Namwonea wivu."

"Kula."

"Nakula. Yeye hata kula hali, na bado ananifuata." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nikiingia na mpira namsikia nyuma yangu, shangazi. Viatu vyake. Unavikumbuka vilivyokuwa vikilia?"

Mama Namba alivikumbuka. Vilikuwa viatu vikubwa kupita miguu, vyenye mlio wa ndege mdogo.

Mechi mbili kabla ya msimu kwisha Chapchap alikuwa na usiku mbaya: mipira saba mikononi mwa wapinzani, pointi nne tu. Jumatatu iliyofuata Komeo akawa wa kwanza.

Siku hiyo hiyo katibu wa ligi alifika ukumbini na viatu vyake vya ngozi, akitembea pembeni ili asichafue sakafu.

"Mama, hebu tuongee kama watu wazima. Siku ya zawadi nitampigia nani simu aje kupokea kombe?"

"Sijui, katibu."

"Mtoe kimyakimya. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi. Kanuni inasema nusu ya mechi. Niliiandika mwenyewe, na sikuandika kwamba mtu sharti awe hai. Haikunijia."

"Si tunaandika leo?"

"Leo? Anayepanda akitoka Komeo ni nani? Watu watasema nimemfukuza maiti ili nimpishe wa damu yangu. Nami sitakuwa na la kujibu, maana katibu, natamani sana kumtoa."

Katibu alitazama viti vya juu, kisha saa yake. "Nikikaa humu ndani sana nahisi baridi," alisema, akaondoka.

Mama Namba amekwisha kuandaa kifungu kipya kwa ajili ya msimu ujao. Kinasema kuwa mchezaji aliyefariki ataandikwa marehemu, na jina lake halitawekwa kwenye mashindano ya nafasi. Ukishaanza, mchezo haubadilishiwi kanuni, anasema. Msimu huu utaisha kama ulivyo, labda wenye haki wenyewe waseme vingine. Mwenye haki juu ya jina la Komeo ni mmoja tu, baba yake, na haongei.

Mechi ya mwisho Chapchap alicheza kana kwamba anafukuzwa. Alifunga pointi thelathini na moja. Alipobadilishwa hakukaa; alisimama na taulo kichwani akitazama upande wa kushoto wa kikapu, mahali pasipokuwa na mtu.

Jumatatu ya mwisho ukumbi una watu watatu. Mama Namba yuko mezani. Chapchap, ambaye hajawahi kuja siku ya kusomwa, yuko kwenye mstari wa mitupo huru akidundisha mpira taratibu. Mzee yuko juu.

Mama Namba anasoma kuanzia wa kumi. Sauti yake ni ileile hadi wa tatu.

"Wa pili. Chapchap."

Mpira unaacha kudunda. Tofauti ni sehemu moja ya kumi.

"Wa kwanza. Komeo."

Anasubiri. Chapchap naye anasubiri, mpira tumboni. Hakuna anayeitika. Mwangwi wa jina unazunguka, unapita kwenye viti, unafifia, na bado hakuna anayeitika.

Kiti kinagonga. Mzee anashuka ngazi akishika chuma cha pembeni, hatua kwa hatua, mpaka kwenye sakafu ambayo hajawahi kuikanyaga. Anasimama mbele ya meza. Koti lake linanuka chuma kilichoungua.

"Shikamoo, mzee," anasema Mama Namba. Kipaza sauti bado kimewashwa na shikamoo yake inajaza ukumbi.

"Marahaba, mama."

"Nimemsoma. Ni wa kwanza."

"Nimesikia." Mzee anatazama mikono yake. Anaanza kusema, anakoma, anaanza tena. "Nimekuja hapa kila Jumatatu kukwambia neno moja. Nikifika tu, nasikia anaitwa. Mtoto akiitwa na asiitike, mzazi ndiye huitika. Basi naitika, halafu lile neno linanishinda, narudi nyumbani."

Mama Namba anazima kipaza sauti. "Neno gani, mzee?"

"Tangu tumzike, hakuna aliyenipa pole mara ya pili. Wananiambia amepanda. Wa tano, wa tatu, wa kwanza. Mama yake hafungi mlango usiku. Nikimuuliza, ananiambia, 'Si wanasema anakuja juu?'"

Chapchap ameuweka mpira chini na kuukanyaga ili usitembee.

"Mzee," anasema Mama Namba polepole, "nikiandika marehemu, hatakuwa na nafasi tena. Na anayefuata ni mtoto wangu. Nataka ulijue hilo kabla hujasema."

"Nalijua. Nimemwona akicheza, anacheza vizuri." Mzee anaweka viganja viwili juu ya meza, karibu na kompyuta, kama anayejishikilia asianguke. "Mwanangu amekufa, mama. Amekufa. Mtoe humo, tukamlilie."